Kantri-roki ya laivu: uanze na Waylon, Skynyrd, Cash au Eagles?

Tuseme una bando la albamu moja tu wikendi hii, au una hela ya santuri moja maana siku hizi watu wamerudia kununua santuri, na unataka kantri-roki, yaani kantri iliyochanganywa na roki, ya laivu yenye ule ukali wa jukwaani kabisa, sio ya studio iliyopigwa pasi mpaka mkunjo wa mwisho. Uchukue ipi? Zipo nyingi na kila mtu ana yake ya moyoni. Mimi naweka mezani zile ambazo mtu akiniuliza ndo natajaga, nyingine nitazigusa juu juu tu, na nitasema wazi ipi inamfaa nani. Ukibisha ruksa.

Ila kabla hujachagua jua kwamba karibu zote ziliguswa baadaye studio, tofauti ni ziliguswa kiasi gani na wapi. Hiyo ndo mizani yangu mimi. Sio kelele, sio spidi, maana kelele mtu yeyote anaweza kuongeza kwenye miksa. Nataka kusikia bendi ambayo inaweza kuharibu muda wowote na watu walioko ukumbini wanaijua hiyo, na wanaisukuma.

Chukua Eagles tuwamalize mapema. Eagles Live ilitoka Novemba 1980, na wakati inatoka bendi ilishavunjika. Sehemu ya rekodi ni ya Oktoba 1976, nyingi ni za Julai 1980, na shoo ya mwisho kabisa, Long Beach 31 Julai, Glenn Frey na Don Felder walikuwa wanatishiana ngumi palepale jukwaani, wimbo ukiisha mmoja anamwambia mwenzake zimebaki kadhaa nakutwanga. Yaani kama kuna usiku wa kantri-roki uliokuwa na moto wa kweli ni ule. Sasa sikiliza albamu yenyewe uone kama utausikia huo moto. Husikii kitu! Walipofika kwenye kuiandaa hawakutaka hata kuonana, mmoja yuko mwambao huu wa Marekani wenzake mwambao ule, sauti zinarekebishwa huku na kule, matepu yanasafirishwa kama vifurushi, na matokeo yake ni harmoni safi kabisa, nzuri, hazina doa, na ndo tatizo lenyewe. Seven Bridges Road wanavyouimba kwa sauti tupu mwanzoni ni mtamu, sikatai, na kama unataka kitu cha kuweka nyumbani wageni wakiwepo basi hii hapa, hakuna atakayelalamika. Lakini tunaongelea ukali, kwa hiyo Eagles tunawashukuru, wapite.

Usidhani wengine ni malaika lakini. Johnny Cash kule gereza la Folsom, kwenye ule mstari maarufu wa jamaa aliyempiga mtu risasi Reno ili tu amwone akifa, unasikia mfungwa anashangilia mpaka mwili unasisimka. Ile shangwe iliwekwa baadaye. Wafungwa wenyewe pale walikaa kimya. Na Good Hearted Woman, ile ya Waylon Jennings na Willie Nelson iliyovuma 1976 ambayo unasikia watu wanapiga kelele Willie anapoingia, Willie hakuwepo hata kidogo, walichukua rekodi ya laivu ya Waylon wakamwingiza Willie studio, na shangwe wakaongezea. Kwa hiyo swali usiulize kama wamedanganya, uliza kama baada ya kudanganya kimebaki kitu.

Haya, njia rahisi ya kulinganisha ni kutafuta wimbo mmoja uliopigwa na bendi mbili, na bahati nzuri upo. T for Texas, wimbo wa mkongwe wa kantri Jimmie Rodgers alioufanyia rekodi 1927, jamaa kaachwa na Thelma anazunguka na silaha anatishia kuua watu, basi, ndo wimbo wote huo. Waylon Jennings anafungua nao albamu yake Waylon Live, na Lynyrd Skynyrd wanao kwenye albamu yao One More from the Road. Rodgers mwenyewe huku kwetu sio mgeni, santuri zake zilifika kwa Wakipsigis kule Kenya zamani mno, kiasi kwamba Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alipofika Kapkatet 1950 na mashine yake ya kurekodi alikuta wasichana wanamwimbia Chemirocha, ndo huyohuyo Jimmie Rodgers, wameshamfanya kiumbe nusu mtu nusu swala. Kwa hiyo wimbo tunaopimia ni wa mtu ambaye bibi za watu wengine humu walishamcheza.

Sikiliza ya Waylon kwanza. Ni rekodi za Septemba 1974, kumbi mbili za Texas, Western Place ya Dallas na Texas Opry House ya Austin. Kinachokugonga mwanzo sio sauti yake, ni mguu wa Richie Albright kwenye drams kubwa, du du du du, hauongezi haupunguzi, besi imekaa juu yake hapohapo, halafu linapita gitaa la Waylon, ile Telecaster ya 1953, iliyovishwa ngozi nyeusi yenye maua meupe, inakwaruza kidogo, haina haraka. Nyuma yake Ralph Mooney kwenye pedali stili, lile gitaa la kantri la kulaza. Huyu Mooney ni mtu aliyeshapiga na kina Buck Owens na Merle Haggard, na ni mmoja wa walioandika Crazy Arms, kwa hiyo ni kantri ya damu, ila hapa kawekwa katikati ya bendi inayopiga kama bendi ya roki na wala habembelezi, anachomekea vipande vifupi vikali halafu ananyamaza. Waylon mwenyewe kumbuka alianza kama mpiga besi wa Buddy Holly, ndo aliyemwachia J.P. Richardson siti kwenye ile ndege iliyoanguka 3 Februari 1959 ikamuua Holly. Roki hakuvalishwa ukubwani.

Na wanaweza kuharibu muda wowote. Hiyo ndo raha yake. Kuna sehemu bendi inamsubiri yeye aamue wimbo unaenda wapi, na unasikia kabisa kwamba wanamsubiri. Na watu wa ukumbini, huu ni wakati Austin ilikuwa na mahipi na macowboy wanakunywa bia ukumbi mmoja, jambo ambalo sehemu nyingine za Marekani lingeishia kwenye ngumi, ukifika ule wimbo wa kumsifu Bob Wills, mkongwe wa kantri ya Texas, utawasikia wanavyolipuka, na hapo Waylon anamchokoza Willie Nelson kwenye mji ambao Willie ni mfalme, na wanampenda zaidi kwa hilo. Lebo ilikalia hizi tepu miaka miwili, albamu ikatoka Desemba 1976 baada ya ile Wanted! The Outlaws, albamu ya mkusanyiko ya Waylon, Willie na wenzao, kuuza mpaka kupata platinamu, ya kwanza kwa albamu ya kantri. Ndo wakakumbuka kumbe kabatini wana dhahabu.

Sasa T for Texas hiyohiyo kwa Skynyrd. Zaidi ya dakika 8! Imekimbizwa, drams za Artimus Pyle zinaruka, na magitaa ni matatu, Allen Collins, Gary Rossington na kijana mpya Steve Gaines, wanapokezana. Ya huyu Gaines ndo inayonifanya niurudie huu wimbo kila mara. Dada yake Cassie alikuwa mmoja wa waitikiaji wa bendi, akawabembeleza wamsikilize mdogo wake, Mei 1976 walipofika Kansas City wakakubali apande jukwaani wimbo mmoja, na mwimbaji wao Ronnie Van Zant akamwambia fundi sauti kaa na hedfoni msikilize, akiharibu mzime. Wimbo aliopewa ulikuwa T for Texas. Hakuzimwa. Wiki chache baadaye yuko Fox Theatre, Atlanta, 7 mpaka 9 Julai 1976, Tom Dowd anarekodi, na jamaa anapiga slaidi kwenye wimbo uleule uliompa kazi. Ukijua hilo unaisikia solo yake tofauti kabisa, ni mtu mwenye njaa aliyekaribishwa mezani na bado haamini.

Lakini hapa ndo naanza kuona tofauti. Skynyrd ni bendi ya nidhamu ya kijeshi, watu wanawaona walevi wa Jacksonville wasiojali kitu kumbe solo zao nyingi zilipangwa noti kwa noti na Ronnie hakuwa anataka mchezo kwenye mazoezi. Kwa hiyo One More from the Road ina nguvu kubwa kuliko Waylon, hilo halina mjadala, ila hatari yake ni ndogo. Unajua hawataanguka. Sweet Home Alabama inakuja imenyooka, Gimme Three Steps imenyooka, na mtu mwenye roho ya gitaa atafurahi mpaka basi. Free Bird ya hapa ndo iliyoweka utaratibu ambao bendi zote zinauchekea mpaka leo, Ronnie anauliza watu mnataka wimbo gani, ukumbi wote unajibu, halafu anawaambia wenzake waupige vizuri kwa ajili ya Atlanta, Billy Powell anaingia na kinanda, na inakwenda zaidi ya dakika 11. Hizo shoo pia zilisaidia kuchangisha hela za kuiokoa Fox Theatre yenyewe, jumba la sinema la 1929 ambalo lilikuwa libomolewe, na lipo mpaka leo. Na ndo albamu ya laivu pekee iliyotoka Ronnie akiwa hai, maana 20 Oktoba 1977 ndege ikaanguka Mississippi, akafa yeye, akafa Steve, akafa Cassie. Najaribu kuisikiliza bila kufikiria hilo na siwezi, sijui wewe.

Kwa wimbo huu mmoja basi, ukinilazimisha: Skynyrd wanashinda kwa dakika nne za mwanzo, Waylon anashinda ukiusikiliza mara ya kumi.

Tuje kwa Cash, na hapa kuna watu wataniambia Cash sio kantri-roki ni kantri. Sawa, lakini kwenye hizi shoo mbili za jela jukwaani alikuwepo Carl Perkins, mtunzi wa Blue Suede Shoes, na hao wapiga ala wa Cash walikuwa wanaipiga ile tiki-taka-tiki-taka yao kwa nguvu ambayo bendi nyingi za roki za mwaka ule hazikuwa nayo. Kwa hiyo anaingia. Swali la watu wengi huwa ni Folsom au San Quentin.

Folsom ni 13 Januari 1968, bwalo la chakula la gereza, shoo mbili, ya kwanza asubuhi saa 3:40, karibu albamu yote imetoka kwenye hiyo ya asubuhi. Fikiria mtu anaimba nyimbo za mauaji na kunyongwa asubuhi baada ya uji! Kinachofanya Folsom iwe kali ni vitu vidogo. Kipaza sauti cha gereza kinaita mfungwa kwa namba katikati ya nyimbo. Kwenye Dark as the Dungeon kuna mtu anacheka Cash naye anashindwa kujizuia, anamkataza mtu kucheka huku yeye mwenyewe anacheka, halafu wimbo ukiisha anawaambia kuwa wanarekodi albamu kwa hiyo matusi hayaruhusiwi, huku ameyataja palepale. Na mwishoni anapiga Greystone Chapel, wimbo wa mfungwa wa humohumo, Glen Sherley, aliyekuwa amekaa mbele na hakujua kwamba wimbo wake utapigwa. Huo mstari wa Reno wenye shangwe ya kubandika naweza kuusamehe kwa sababu ya hayo yote.

Ila San Quentin inatisha. Naitumia neno hilo makusudi. 24 Februari 1969, mwaka mmoja baadaye, Luther Perkins mpiga gitaa wa Cash alishafariki Agosti 1968, nafasi yake kashika Bob Wootton, na kamera za Granada, televisheni ya Uingereza, zipo. Cash katunga wimbo mpya kuhusu jela yenyewe, anaichukia kwa jina, anaitakia ioze, anauimba mbele ya wafungwa na askari jela wamesimama pale. Sikiliza ule mstari wa kwanza unavyopokelewa. Ile sio shangwe ya konsati, ni sauti ya watu ambao wamesikia mtu anasema kitu ambacho wao wakisema wanaongezewa adhabu. Wimbo unaisha, wanaudai tena. Anaomba maji, anawauliza askari kama bado wanaongea naye. Halafu anaurudia wote, na albamu imeuacha mara mbili mfululizo, hawakukata. Hapo ndo utajua nilichomaanisha na hatari, kwa dakika chache yule mtu alikuwa anaweza kuwasha fujo kwa neno moja na yeye mwenyewe alikuwa anajua, na bendi nyuma yake inajua, na inaendelea na ile tiki-taka-tiki-taka vilevile haitetereki.

Ukija A Boy Named Sue ni kichekesho kabisa, wimbo wa Shel Silverstein ambao Cash alikuwa hajaukariri, anasoma kwenye karatasi, bendi inabahatisha nyuma yake, na wanacheka wote. Hiyo ya kubahatisha ndo iliyopanda mpaka namba 2 kwenye chati ya Marekani ya nyimbo zote. Tusi la mle walilipigia piii kwenye albamu ya kwanza, matoleo ya baadaye wameliacha.

Kwa hiyo kati ya hizo mbili, Folsom kama unataka albamu iliyokaa vizuri yenye mwanzo na mwisho, San Quentin kama unataka kusikia ukumbi. Mimi ni San Quentin siku zote na nina marafiki ambao tumeshagombana juu ya hili.

Nilisema zipo nyingine za kugusa juu juu. Jerry Jeff Walker, ¡Viva Terlingua!, 1973, imefanyiwa kwenye ukumbi wa dansi wa Luckenbach, kijiji cha Texas chenye watu wachache, wakaleta lori la kurekodia na marobota ya nyasi kavu ya kuzuia sauti zisigongane, ila sehemu kubwa ilirekodiwa bila umati kwa hiyo ukali wake ni wa sherehe ya nyumbani, ukumbi unavyoitikia London Homesick Blues utatabasamu tu. Na Gram Parsons, Live 1973, hiyo ni studio ya redio huko Hempstead karibu na New York, Machi 13, watu wachache, yuko na mwimbaji mwenzake Emmylou Harris, na ikatoka 1982 wakati yeye alishafariki Septemba ya mwaka uleule wa 1973. Bendi imelegea kweli. Lakini wale wawili wakiimba pamoja sauti zinagusana vibaya, na kwa mtu anayependa sauti kuliko magitaa hii inaweza kuwa ndo ya kwanza kwake.

Sasa ipi. Kama umekulia kwenye kina Jim Reeves, Don Williams na Kenny Rogers wa redioni Jumapili, na wengi wetu ndo tulipoanzia hasa ndugu zetu wa Kenya, usiruke moja kwa moja kwa Skynyrd, magitaa matatu yatakuchosha nusu ya kwanza. Anza na Folsom, utajikuta nyumbani, halafu San Quentin. Kama wewe umetokea upande wa roki na unaogopa kantri kwa sababu ya vilio vya mapenzi, One More from the Road, sauti juu, na majirani uwaombe radhi mapema. Kama unataka moja tu ya kukaa nayo miaka, Waylon Live, na hapa sisiti hata kidogo. Inapigika kwenye gari, inapigika usiku wa manane, na ule mguu wa Albright ukishakuingia hautoki.

Angalia toleo tu. Waylon Live ya 1976 ina nyimbo 11, ile ya 2003 ina 42 kwenye CD mbili na ndo ya kutafuta, hata ukizikuta mtandaoni zimekaa zote mbili usibonyeze ile fupi. San Quentin ya 1969 walikata sehemu kubwa, nyimbo 10 tu, ya 2000 ina 18, na ya 2006 wameweka shoo yote na wageni wake akina Carl Perkins na familia ya Carter. Folsom ya 2008 ina shoo zote mbili za siku ile, ya pili ukiisikiliza Cash kachoka na sauti imekauka, wengine hawaipendi kwa sababu hiyo na mimi ndo sababu naipenda. Skynyrd hata ile ya zamani inatosha.